Trela ya kukodi haipaswi kutolewa kama viti vya matanga

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo linalowagusa watu wengi kila kipupwe kinapoingia, nalo ni trela ndogo za kukodi ambazo familia hufunga nyuma ya magari yao wakati wa kuhama. Mwaka mpya wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na hapa Nakuru barua za uhamisho huonekana kufuatana na baridi. Wiki chache baadaye utaona kwenye barabara ya kuelekea Mau Summit magari madogo yakivuta vitanda, friji na magunia kwenda Kisumu, Kakamega au Busia. Mwaka jana nilikuwa miongoni mwao, baada ya mke wangu kuhamishiwa Busia, na niliyoyaona katika saa tisa za safari ile yamenifanya niamini kwamba mwenye trela asiruhusiwe kuitoa uani kabla ya kumwonyesha mteja namna ya kuifunga na kuipakia.

Kijana aliyenipokea mahali nilipokodi alichukua arabuni, akatazama kitambulisho changu, akaiweka shingo ya trela juu ya kichwa cha chuma kilichofungwa nyuma ya gari langu, kisha akanitakia safari njema. Hakuuliza kama kichwa kile kilikuwa cha milimita 50 au kidogo zaidi, ingawa kikiwa kidogo shingo inaweza kuchomoka mahali penye bonde au tuta. Pini ya kufungia haikuwapo, na tundu lake lilikuwa limepitishwa msumari uliokunjwa. Mnyororo wa usalama, ambao kazi yake ni kuizuia trela isitoroke iwapo shingo itachomoka, ulikuwa umekatika, na badala yake palikuwa na kamba ya nailoni ya kufungia ng'ombe. Nakiri kwamba niliyaona yote hayo nikanyamaza, kwa sababu bei ilikuwa nafuu na giza lilikuwa linaingia.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa katika upakiaji, na hilo tulilifanya wenyewe bila mtu wa kutukanya. Usiku tulitanguliza vitu vyepesi, yaani magodoro, viti vya plastiki na masanduku ya nguo, tukavisukuma hadi mbele. Alfajiri shemeji yangu akaleta magunia manne ya mahindi, kila moja la kilo 90, na kwa kuwa mbele palikuwa pamejaa, kilo 360 zikakaa mkiani, nyuma ya magurudumu. Trela ya ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, hufanya kazi kama mizani ya sokoni: uzito ukizidi nyuma, shingo hujaribu kuinuka, nayo huliinua gari upande wa nyuma, hivyo tairi za nyuma za gari hupoteza mshiko hasa pale ambapo lami imelowa na mshiko unahitajika zaidi.

Barabara yetu haimsamehi mtu wa namna hiyo. Kutoka Nakuru, ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, inapanda Salgaa na Sachangwan hadi nyanda za juu za Mau, kisha inateremka hadi Kisumu, ambao uko mita 1,130 hivi. Tulipopita Londiani na kuanza kuteremka kuelekea Kericho, huku manyunyu yakianguka na mshale wa mwendo ukiwa haujafika 90, trela ilianza kuchezesha mkia, kwanza polepole, kisha kwa nguvu hadi usukani ukatetemeka mikononi mwangu. Mguu ulikuwa tayari uko juu ya breki. Mjomba wangu, aliyeendesha malori kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, ndiye aliyeniokoa, na wala hakupaza sauti. "Mpwa wangu, acha breki," alisema. "Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, ungoje." Nikamjibu, "Ndiyo, mjomba," nikangoja, na trela ikatulia kadiri mwendo ulivyopungua. Baadaye alinieleza kwamba trela kama ile haina breki zake, kwa hiyo ningekanyaga breki gari lingepunguza mwendo nayo ingeendelea kusukuma kutoka nyuma, na mwisho wake ingejikunja ubavuni mwetu.

Nilitaka kusimama papo hapo kando ya lami tupange mizigo upya, lakini mjomba alikataa katakata, akanikumbusha jioni ya tarehe 30 Juni 2023 katika makutano ya Londiani, ambapo lori lililopoteza mwelekeo liliwaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakifanya biashara au wakingoja magari. Tukajikokota kwa gia nzito hadi kituo cha mafuta karibu na Kericho. Huko tulishusha kila kitu, tukaweka magunia mbele kidogo ya ekseli, friji ikafuata, na magodoro, ambayo sasa yalikuwa yamenyonya maji na kuwa mazito kuliko nilivyodhani godoro linaweza kuwa, yakaenda nyuma. Kazi hiyo ilituchukua zaidi ya saa moja. Kutoka hapo hadi Busia, kupitia Ahero, Kisumu na Maseno, trela ilitufuata kwa utulivu kama mbuzi aliyezoea kamba.

Nilipochunguza baadaye niligundua kwamba tulichokifanya kwa kubahatisha ni kanuni inayojulikana: karibu asilimia 60 ya uzito wa mizigo ikae mbele ya ekseli na asilimia 40 nyuma yake. Huko Marekani, ambako familia kuhama na trela ya kukodi ni jambo la kawaida tangu kampuni ya U-Haul ianzishwe mwaka 1945, kanuni hiyo huonyeshwa kwenye trela yenyewe, pamoja na onyo la kutopita maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi. Wenzetu wa huko wanaohama wakati wa theluji wana shida ambazo sisi hatuna, kwa maana barafu huganda kwanza juu ya madaraja, ambako hewa baridi hupita juu na chini ya lami. Lakini trela huyumba kwa sababu zilezile hapa na kule, na sijaona gharama kubwa katika kuchora mstari wa rangi ubavuni mwa trela na kuandika "vizito mbele ya hapa".

Mtu asije akaielewa kanuni hiyo nusunusu na kurundika kila kitu mbele kabisa. Shingo ikilemewa, gari hukaa chini nyuma na kuinua pua, na taa za mbele huangaza juu badala ya barabarani. Katika ukungu wa asubuhi pale Mau Summit mwanga wa namna hiyo hurudi machoni mwa dereva kama ukuta mweupe, na anayekuja upande wa pili naye hupofushwa. Taa za nyuma za trela yetu, kwa upande wake, zilizimika kabla ya kufika Mau Summit kwa sababu waya zilikuwa zimeunganishwa kwa kusokotwa tu na kuachwa wazi zipate maji. Tulilijua hilo pale dereva wa matatu alipotupita akipiga honi na kuashiria kwa mkono. Tangu siku hiyo nimeacha imani yangu ya kuondoka saa kumi alfajiri. Anayevuta trela Julai aondoke saa tatu, ukungu ukiwa umeanza kupanda, na asubiri mvua ya mawe ipite, kwani Kericho na milima ya Nandi ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na mvua hiyo mara nyingi zaidi.

Najua wapo watakaosema afadhali kukodi kanta, yaani lori dogo, na dereva wake. Kwa mwenye mizigo mingi nakubaliana nao, lakini kanta ikirudi tupu kutoka Busia hulipiwa safari zote mbili, na si kila karani ana uwezo huo. Kwa hiyo trela zitaendelea kukodiwa. Ninachoiomba Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama ni kwamba anayezikodisha alazimike kutia saini karatasi moja, mbele ya mteja, kuthibitisha kwamba pini, mnyororo, taa na tairi zimekaguliwa na kwamba kuna tairi ya akiba inayoingia kwenye trela yenyewe, kwa kuwa ile ya gari mara nyingi haitoshei. Mteja naye aulize kampuni yake ya bima, kabla ya siku ya safari, kama bima ya gari inagusa kitu kinachovutwa. Na vijana wa kupakua mizigo wasipandishwe juu ya turubai kwa hali yoyote. Wetu walitaka kupanda, mjomba akawalipia nauli ya matatu. (Kuku wa mke wangu walisafiri ndani ya gari kwa amri yake, na walifika wakiwa wakavu kuliko makochi.)

Siku mbili baadaye niliirudisha trela ile Nakuru ikiwa tupu, nikamweleza kijana yule habari za msumari, kamba na waya. Alinirudishia arabuni yangu bila kuinama kutazama chochote, kwa sababu mteja mwingine alikuwa amekwisha kufika na gari lake limegeuzwa nyuma, tayari kufungwa.

Msomaji wako,
Lanet, Nakuru