Somo la uongozi liwahesabu na wanaoongozwa

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie namna somo la uongozi linavyofundishwa vyuoni. Mwaka jana nilisoma kozi ya uongozi katika chuo kimoja hapa pwani, na kwa muhula mzima tuliorodhesha sifa za kiongozi bora: maono, ujasiri, mvuto. Hatukuulizwa hata siku moja ni nani anayefaidika tunapoamini kwamba kila jambo hutokana na mtu mmoja.

Swali hilo si geni kwa wanazuoni. Mwaka 1985 James Meindl, Sanford Ehrlich na Janet Dukerich walionyesha, kwa kuchunguza miongoni mwa mengine habari za magazetini kuhusu makampuni ya Marekani, kwamba watu huelekea kumbebesha kiongozi sifa au lawama, hasa matokeo yanapokuwa mazuri mno au mabaya mno. Baadaye wengine, akiwemo David Collinson wa Uingereza, wamesisitiza kwamba wafuasi si udongo wa kufinyangwa. Hukubali, hupinga, na pengine huficha wanayoyawaza.

Sisi wa Lamu tunao ushahidi wetu. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Anayetaka kusimulia habari hiyo kwa mtindo wa kozi yangu itambidi atafute shujaa mmoja, naye hatampata, kwani walikuwako wavuvi, akina mama, vijana, wazee na mawakili, na walikuwako pia majirani zetu waliotamani ajira za mtambo huo na kusema hivyo waziwazi. Mabishano hayo, kwangu mimi, ndiyo somo lenyewe, wala hayamo katika orodha yoyote ya sifa.

Sikatai kwamba kiongozi ana kazi yake, na uzembe wake huwagharimu watu. Lakini kijana aliyezoeshwa kumngojea mwenye mvuto ndiye atakayenyamaza kesho katika kikao cha kukusanya maoni ya umma, hali ardhi inayojadiliwa ni ya kwao.

Nawasihi wanaoandaa mitaala wawape wanafunzi uamuzi huo wa 2019 wausome wote, kabla ya kuwapa orodha ya sifa.

Mwalimu,
Mkomani, Lamu