Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mnara: Hao "Wengineo" ni Akina Nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: JINA LA BABA YAKE MAMA MKWE WANGU KWENYE KIBAO CHA MNARA WA KUMBUKUMBU YA VITA

Salaam, na pole kwa shughuli za Siku ya Anzac, ya kuwakumbuka askari wa nchi hii. Chai ilikuwa tamu na biskuti tulizila, ahsante. Barua zangu za Kiingereza naamini zimelala salama kwenye faili lako. Hii naiandika kwa Kiswahili, hadharani, ili angalau jamaa zangu wa Tanga wajue ninayopitia huku Australia. Ukitaka wa kukutafsiria hutamkosa. Wakongo na Warundi wapo tele hapa Queensland.

Tarehe 25 Aprili tulifika mnarani kabla hakujapambazuka, kama mlivyotualika. Mama mkwe, ambaye amevuka miaka 80, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, medali za baba yake kifuani upande wa kulia. Mlipokifunua kibao kipya akaniomba nimsogeze. Macho yamemchoka, kwa hiyo alisoma kwa kidole, jina baada ya jina. Gundi ilikuwa bado inanata pembeni. Mwisho kabisa kidole kikakuta maneno "na wengineo kutoka visiwa vya kaskazini". Akaniuliza, "Mwanangu, nimeruka mstari?"

Hakuruka, Mheshimiwa.

Sasa niruhusu nikukumbushe hao wengineo ni akina nani. Mwaka 1940 wakuu wa ulinzi wa nchi hii waliamua kwamba kuandikisha jeshini watu wasio na asili ya Ulaya si lazima wala haifai. Mwaka uliofuata, hofu ya Japani ilipozidi, ngozi nyeusi ikafaa ghafla. Wanaume wa visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea, wakaitwa, nao wakaitika, baba yake mama mkwe akiwemo. Zaidi ya 800, karibu kila mwenye nguvu, kutoka jamii ya watu wachache mno. Ndicho kikosi cha Torres Strait Light Infantry Battalion. Machi 1942 mabomu ya Wajapani yalipoanza kuanguka Horn Island, kimoja cha visiwa hivyo, wazungu wa Thursday Island, ng'ambo tu ya maji, walikuwa wameshahamishiwa kusini.

Na mshahara? Theluthi moja ya alichopata askari mzungu. Desemba 1943 waligoma siku mbili, wakapandishiwa hadi theluthi mbili. Malimbikizo yao yalikuja kulipwa miaka ya 1980, wengi wakiwa wameshazikwa. Kura ya jimbo la Queensland nayo waliingojea hadi 1965. Mimi haya yananiuma zaidi kwa sababu babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani hao hao kwa mshahara uliopangwa kwa rangi. Lakini hilo ni deni la Waingereza, wewe sikutwishi.

Nimewaza sana kwa nini jina halikuwekwa. Labda mlitafuta waliojiandikishia mjini hapa peke yao, ilhali baba yake mama mkwe aliandikishwa Thursday Island, akaja bara baada ya vita kukata miwa na kutandika reli. Labda karani wa jeshi aliliandika anavyojua yeye. Karani wako wewe aliniambia herufi za shaba zina bei. Au bado mnahesabu kwa theluthi? Basi wekeni theluthi ya jina, nyingine tutamalizia wenyewe kwa rangi ya mafuta.

Vielelezo mlivyotaka nimeleta: namba yake ya jeshi, picha yake na sare, cheti cha kifo. Mkataka vyenye muhuri, nikaleta vyenye muhuri. Mkasema faili limehamia kitengo kingine. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nikitoka nakuja kusinzia kwenye benchi lenu, na nimeshapoteza zamu kwa ajili hiyo. Mume wangu anasema niachane nayo. Niachane nayo vipi, na mama yake tangu siku ile anagusa chakula tu, halafu anauliza kama ofisi imepiga simu?

Wewe mwenyewe mwaka jana ulishika kipaza sauti ukasema majina yote yatakuwepo. Yote. Tulikupigia makofi, mimi nikiwemo.

Mwanzo tuliomba askari wote wa visiwani waliozikwa mji huu. Ombi hilo sijalifuta, na familia nyingine zinangoja kama sisi. Lakini mama mkwe hawezi kungojea vikao vyenu. Kwa sasa naomba jina moja tu. Kipande cha shaba na skrubu mbili, chini ya hayo maneno "na wengineo". Fundi nitamlipa mimi, shaba nitanunua mimi. Kutoka kwako nataka kibali, karatasi moja yenye saini, kabla ya kumbukumbu ya waliokufa vitani, tarehe 11 Novemba.

Jina moja, Mheshimiwa. Namba yangu ya simu iko kwenye kila barua niliyokuletea.

Wako mtiifu, bado,

Mkwe wa mmoja wa wengineo