Biashara ya samaki hufa kusi, lakini huuawa kaskazi

Mhariri,

Kila msimu wa upepo mkali wa kusi unapopoa, hapa Amu, mji wa Lamu, huuzwa friza kwa bei ya kutupa. Wenyewe husema bahari imewafilisi. Sisi tulio katika uchuuzi wa samaki hatukubaliani nao, na twaomba nafasi tueleze kabla vijana wengine hawajaingia kaskazi ijayo na hesabu zilezile.

Kaskazi, tangu Novemba hivi hadi Machi, mashua ndogo hutoka nje ya mwamba karibu kila siku. Kusi ikishika, hasa Mei hadi Agosti, huenda zikalala wiki nzima. Mtu hupata kilo 60 kwa siku mwezi wa Januari, akaupanga mwaka mzima kwa kilo hizo 60, akakodi chumba na kuajiri watu kwa mshahara wa mwezi. Mwenye chumba hajui kusi wala kaskazi. Kodi yake ni ileile. Hesabu ianze na samaki wa Juni. Ikiwa theluthi ya samaki wa Januari haitoshi kulipa kodi, chumba hicho si chako bado.

Kosa linalotuuma zaidi ni kununua friza kabla ya kuijua barafu. Samaki kilo 100 wenye joto la nyuzi 30 huyeyusha takriban kilo 30 za barafu ili wafike sifuri tu. Hapo hujahesabu jua, kasha lenyewe, kuvuka hadi Mokowe, na barabara ya Garsen mpaka Malindi au Mombasa. Ndiyo sababu wazoefu huweka barafu kilo kwa samaki kilo. Anayeanza huweka kilo 20, akaokoa shilingi chache na kupoteza kasha zima. Mtoe samaki matumbo na mashavu, mwoshe, ponda barafu, anza na tabaka la barafu chini, kisha samaki, kisha barafu, umalizie kwa barafu juu. Tundu la chini la kasha liwe wazi, kwa maana samaki anayelala ndani ya maji ya damu huharibika hata kama barafu ingalipo.

Friza nayo ina vipimo viwili, na wengi husoma kimoja. Lita zilizoandikwa ni za kuhifadhi vitu vilivyokwisha kuganda. Uwezo wa kugandisha kwa saa 24 ni mdogo sana kuliko huo. Ukiijaza samaki kilo 80 wenye joto, huganda polepole, chembe kubwa za barafu huchana nyama, na akiyeyuka hutoka maji akabaki tepetepe. Hoteli humrudisha, na ni haki yao.

Sasa bei. Tuseme umenunua kilo 100 kwa 300, yaani shilingi 30,000. Matumbo na mashavu yaondoe kilo 12, wanaokataliwa wawe kilo 5. Umebaki na kilo 83. Ongeza 6,000 za barafu na usafiri. Kila kilo imekugharimu karibu shilingi 434. Anayeuza kwa 400 hujiona amepata faida ya 100, kumbe safari hiyo imemtia hasara ya 2,800. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika samaki huisha haraka kuliko katika nguo au simiti.

Kuna na deni. Mvuvi hutaka pesa zake pale pale ufuoni, hoteli hulipa baada ya mwezi. Ukipeleka samaki wa 10,000 mara tatu kwa wiki, katika wiki nne shilingi 120,000 ziko mikononi mwa mwingine. Kama huna akiba ya kununulia muda huo wote, umeuza mtaji. Machi 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa, waliotegemea hoteli pekee waliachwa na deni bila mnunuzi. Mama karanga, wanawake wanaokaanga samaki na kuwauza mitaani, hununua kidogo kidogo, lakini hulipa taslimu na huwapo hata watalii wasipokuja Malindi. Wapewe sehemu ya samaki wako kila siku, hata kama bei yao iko chini.

Mkopo nao uende na kazi yake. Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulikuwa wa kulipwa kwa siku 14. Pesa za siku 14 hununua barafu na samaki wanaouzwa kesho. Zikinunua friza, siku ya 15 utaiuza.

Kwa hiyo twawaomba wanaokopesha na kufadhili vikundi vya wavuvi na wachuuzi katika Kaunti ya Lamu wafanye mambo mawili: waanze na makasha ya barafu na pesa za barafu ya miezi mitatu kabla ya kugawa friza, na wapange marejesho yawe makubwa kuanzia Desemba hadi Machi, madogo kuanzia Mei hadi Agosti.

Wachuuzi wa samaki,
Amu, Lamu