Kilichobaki Baada ya Korona: Barua kwa Mjomba

Leeds, Uingereza, Februari 2026

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Asalaam aleikum wewe na wote watakaosomewa barua hii hapo barazani, maana najua haitakaa mfukoni mwako hata usiku mmoja. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila baridi tu. Salim amenipita kimo, na siku hizi anadhani urefu unampa ruhusa ya kunijibu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Umeuliza kwa mkato, kama kawaida yako: wakati wa Korona tuliambiwa dunia haitarudi ilivyokuwa, watu watapendana, serikali zitawakumbuka wanyonge, haya, wewe uliye huko kwa wakubwa, umeona nini? Nimeona nikujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi nikamaliza.

Nianze na wanaolala nje. Nilipokuja huku nilikusimulia habari za watu wanaojikunyata usiku kwenye milango ya maduka, wazungu wenyewe, katika nchi yao, nawe ukasema natia chumvi. Miaka yote tukielezwa kwamba jambo hilo halina dawa: nyumba ni chache, fedha hakuna, wengine pombe imewashika na hawataki kuingia ndani, wengine ni wageni wasio na karatasi. Basi tarehe 26 Machi 2020 serikali ikayaandikia mabaraza ya miji ya England kwamba watu hao waingizwe ndani kabla ya wikendi kwisha. Wote. Hoteli zilikuwa tupu kwa kukosa wasafiri, wakapewa vyumba vyenye shuka safi na bafu. Katika muda wa wiki chache watu zaidi ya 5,000 walikuwa wameondoka barabarani. Hata wale ambao viza zao zimeandikwa wazi kwamba wasiguse msaada wa serikali, wengi walichukuliwa. Kufikia Januari 2021 mpango huo ulikuwa umewasaidia watu 37,000, na 26,000 kati yao walishahamia makao ya muda mrefu.

Huku wana desturi ya kuwahesabu wanaolala nje kwa usiku mmoja, kila mwaka kabla baridi haijakaza. Mwaka 2019 walikuwa 4,266. Mwaka 2021 wakashuka hadi 2,443. Halafu wageni wakarudi hotelini, fedha za mpango zikakatika, kodi za nyumba zikapanda. Hesabu ya 2024 ni 4,667. Wamezidi wa kabla ya ugonjwa!

Kwa hiyo ukitaka jibu la haraka, hapo dunia ilibadilika kisha ikarudi kinyumenyume. Lakini mimi kuna kitu kimoja sikirudishi. Mwanasiasa akisimama leo kuniambia kwamba wale watu hawasaidiki, nitamtazama tu, kwa sababu niliona wakisaidiwa kati ya Alhamisi na Jumapili. Nanyi mliona lenu. Miaka mingapi tumesongamana pale Likoni, Mombasa, tukisukumana kuingia ferini, mama na kikapu chake, mtoto na begi la shule, tukiambiwa tusubiri? Ulipokuja ugonjwa wa kukatazwa kukaribiana, daraja la Liwatoni linaloelea likapatikana ndani ya mwaka mmoja, na Januari 2021 watu wakavuka kwa miguu. Najua lilikuwa la saa za asubuhi na jioni, najua na maneno yake. Nasema tu kwamba lilipatikana.

Sasa kuhusu kazi yangu, ambayo wewe huipendi. Makao ya wazee ninayofanyia kazi yalifunga milango mwezi wa Machi 2020, na kwa muda mrefu hakuna jamaa aliyeruhusiwa kuingia. Sitaki kuyachimbua yote. Watoto wa wazee walisimama nje kwenye majani, wakaweka viganja kwenye kioo cha dirisha, na wazee wenye maradhi ya kusahau hawakuelewa kwa nini mtu wao amekuja na haingii. Wengine walidhani wamekasirikiwa. Sisi ndio tuliokuwa tukiwashikia simu mbele ya uso ili waagane na wana wao. Yuko bibi mmoja alikuwa akiibusu ile simu. Wazee wengi sana walikufa katika makao ya nchi hii namna hiyo, na jambo hilo halijawatoka watu.

Ila wale watoto hawakunyamaza. Waliandika, wakaenda bungeni, wakasimulia vifo vya mama zao kwenye redio mpaka wasikilizaji wakachoka, na walipochoka hao wakaendelea kusimulia. Matokeo yake, tangu tarehe 6 Aprili 2024 imekuwa kanuni ya sheria England: makao ya wazee, hospitali, na nyumba za wagonjwa wa mwisho lazima ziwaruhusu watu kutembelewa, isipokuwa pawe na sababu nzito isiyo ya kawaida. Wakaguzi wakija huulizia na hilo. Utacheka kwamba kuna nchi inayohitaji sheria ili mtoto amwone mamake, ingawa hata kwetu askari wa lango la hospitali ana saa zake na ubabe wake. Mimi sicheki. Kazini kwetu nimeona meneja akianza kukataza wageni kwa ajili ya ugonjwa wa kuhara na kutapika uliozuka, binti ya mzee mmoja akamtolea ile kanuni kwenye simu, akaisoma taratibu, na akapewa glavu na aproni akaingia.

Jambo lingine ni la malipo ya ugonjwa. Mwaka 2020, kila Alhamisi saa mbili ya usiku, watu walitoka milangoni kutupigia makofi sisi wahudumu. Walipiga na sufuria. Ilianza mwisho wa Machi ikaisha mwisho wa Mei, na sikatai, ilinitoa machozi. Lakini kodi hailipwi kwa makofi. Sheria ya huku ilikuwa kwamba ukiugua, siku tatu za mwanzo hulipwi kitu, na mwenye mshahara mdogo kupita kiasi fulani halipwi kabisa. Matokeo yake mtu anakuja kazini akikohoa, anawaogesha wazee huku akikohoa. Korona ilipoingia serikali ikaona hatari hiyo, ikaamuru malipo yaanze siku ya kwanza kwa mwenye ugonjwa huo. Machi 2022 wakaiondoa. Vyama vya wafanyakazi vikaishikilia hoja, serikali ikabadilika, na Desemba mwaka jana sheria mpya ikapita: kuanzia Aprili hii malipo ni tangu siku ya kwanza, na yule wa mshahara mdogo naye ameingizwa. Si pesa nyingi, ila mwenzangu mwenye watoto wanne hatalazimika tena kumeza vidonge viwili na kupanda basi.

Umesikia pia kwamba wazungu siku hizi wanafanya kazi kitandani. Ni kweli nusu nusu. Zaidi ya robo ya wafanyakazi wa Uingereza huenda ofisini siku kadhaa na siku nyingine wakabaki nyumbani, na tangu Aprili 2024 mtu ana haki ya kuomba utaratibu huo siku ya kwanza ya ajira, ingawa mwajiri anaweza kukataa akiwa na sababu. Jirani yangu anatumia kiti cha magurudumu. Kwa miaka aliomba afanyie kazi nyumbani akaambiwa haiwezekani, kisha ofisi nzima ikahamia nyumbani kwa wiki moja. Amebaki hivyo na amepandishwa cheo. Kwa sisi wengine hilo ni simulizi la kusikia tu. Mzee haogeshwi kwa Zoom.

Juu ya chanjo sitasema kitu, maana hapo barazani mtagombana na barua yangu itakatizwa. Nitasema juu ya dawa. Huku walifanya jambo la busara sana: wagonjwa wa Korona katika hospitali zaidi ya mia moja na sabini waliingizwa kwenye jaribio moja kubwa lililoongozwa kutoka Oxford, badala ya kila daktari kubahatisha lake. Tarehe 16 Juni 2020 wakatangaza kwamba deksamethasoni, dawa iliyokuwapo tangu mwisho wa miaka ya 1950 na ambayo bei yake ni ya kawaida kabisa, inapunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliowekewa mashine ya kupumulia. Haikuhitaji kiwanda kipya wala ndege maalumu. Hata famasi ya hapo mtaani kwenu wanaijua. Utaratibu ule wa kujaribu dawa nyingi kwa pamoja haraka, tena hospitali za kawaida zikishiriki, ndio naona faida kubwa kuliko zote. Wala usidhani ni wazungu peke yao: hapo Kilifi, ambako wewe hupita tu ukienda harusini Malindi, maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wake wa Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, ilikuwa ikisoma vinasaba vya kirusi kwa ajili ya Kenya, na ya nchi nyingine za Afrika pia. Vijana wetu wa Pwani wamo mle ndani. Mwambie Salma amalize kemia yake.

Nimekuja sasa kwenye jambo linalonikera, na hili ni la huko. Unakumbuka Machi 2020 kutuma pesa kwa M-Pesa kulivyofanywa bure kwa kila kiasi kisichozidi shilingi 1,000? Mama mboga alimlipa mkulima bure, nawe ulikuwa ukipokea malipo ya barakoa zako, hamsini hamsini, bila mtumaji kukatwa. Wakati huohuo kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja kikapandishwa kutoka 70,000 hadi 150,000. Mwisho wa mwaka, ule wa bure ukafutwa, isipokuwa kwa kiasi kisichozidi shilingi 100. Ule wa 150,000 ukabaki, na tangu 2023 umefika 250,000. Sisemi ni vibaya, hata mimi umenifaa nilipotuma ya paa la nyumba ya Mama. Lakini tazama nani aliachiwa na nani akanyang'anywa. Mwenye kutuma laki ana watu wa kumsemea. Mwenye kutuma mia tisa ana nani? Wanaolala nje huku hawakuwa na mtu, mpango wao ukafa. Wazee walikuwa na wana wao wenye hasira, wakapata sheria. Mimi sijaona huku jambo jema la wakati wa Korona lililodumu kwa sababu watu wamekuwa wema zaidi. Yote niliyoyaona yamedumu yalikuwa na mtu aliyeyang'ang'ania.

Ndiyo maana nakuja kwako, Mjomba, kwa kuwa uko kwenye kamati ya soko. Zile ndoo za bomba zilizowekwa kila lango la soko na kituo cha matatu, na sabuni imefungwa kwa uzi isiibwe, ziko wapi? Mama ananiambia hata lile tangi kubwa lililokuwa karibu na wauza samaki limebaki mguu tu. Kipindupindu kimerudi Kenya mwishoni mwa 2022 kikaendelea mwaka uliofuata, na watu wakawa hawanawi mikono tena. Watoto waliokuwa wakigombea kunawa sasa wanakula mahamri na vumbi.

Nimezungumza na wenzangu wa Pwani tulio hapa Leeds na Bradford, wanne watano hivi, tumekubaliana kuchanga. Hatutaki ndoo tena. Tunataka bomba la kudumu pale kwa wauza samaki, lenye koki tatu, na mtaro wa kupeleka maji machafu mpaka kwenye mfereji, yasituame. Tangi lijengewe msingi wa saruji na lifungwe kwa chuma. Nani atalipa bili ya maji kila mwezi, hilo kamati mliamue na mliandike, kila kibanda kitoe kiasi gani, kabla sisi hatujatuma hata senti. Bila hilo bomba litakauka ndani ya miezi miwili.

Tafuta mafundi wawili tofauti wakupe bei, uniandikie zote mbili, na bei ya koki ya shaba ulinganishe na ya plastiki. Yule fundi jamaa yako usimpe kazi. Namheshimu, lakini bomba la msikitini tunalijua. Risiti ipigwe picha na mwanao anitumie.

Mama apewe salamu zangu, na Shangazi, na watoto wote. Mwambie Shangazi viungo vya pilau vimefika salama ila karafuu forodhani walizifungua wakazinusa.

Wasalaam,
Mpwa wako,
Mama Salim