Milioni tano kwa maneno ya dogo wa miaka 24

Mhariri habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko huku Uyole Mbeya, nina genge la nyanya na mboga pembeni ya kijiwe cha bodaboda, kwa hiyo vijana nawasikia kutwa nzima wanachobishania na wanachokicheka kwenye simu zao, na kuna jambo limenikaa rohoni tangu Julai 2024 leo naomba niliseme.

Wengi mnaikumbuka kesi ya yule kijana mchoraji wa Rungwe, miaka 24, alijirekodi anachoma picha ya Rais Samia huku anatukana, klipu ikasambaa TikTok, siku chache tu kafikishwa mahakamani, kakiri kosa, kapigwa faini milioni tano au jela miaka miwili. Ile video mimi ilinikera, nasema kweli kabisa, maneno yale humtolei mtu mzima hata awe jirani yako tu wa kawaida. Lakini niliposikia hukumu niliishiwa nguvu. Watu walimchangia mitandaoni, mwenye kidogo mwenye kingi, hela ikatimia akatoka. Je asingechangiwa? Kijana wa kazi za mkono tuseme kwa siku anapata elfu kumi, asile, asilipe chumba, asimtumie mama yake hata mia, ni siku 500 ndo aifikishe hiyo hela, yaani mwaka na miezi minne na zaidi, kwa maneno ya dakika moja. (Mwezi uliofuata familia yake ikasema kachukuliwa na watu wasiojulikana, hilo nalo linaniuma sana ila linataka barua yake peke yake.)

Sasa watu wengi wanamlaumu hakimu, mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka mtoto wa dada yangu anayesoma sheria akanifungulia ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwenye simu akanisomea kifungu cha 16, hicho cha taarifa za uongo. Kimeandikwa faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Isiyopungua! Maana yake hiyo milioni tano siyo kilele, ndo sakafu yenyewe, hakimu akiamua kupiga faini hata akimwonea huruma vipi dogo aliyesimama mbele yake na ndala, sheria inamwambia usishuke hapo. Na cha kumnyanyasa mtu mtandaoni, kifungu cha 23, sakafu ni hiyo hiyo. Sheria ilianza kutumika Septemba 2015, na mwaka uliofuata tu kuna mtu Arusha alimtukana Rais Magufuli Facebook akapigwa milioni saba au miaka mitatu jela, ikabidi aruhusiwe kulipa kwa awamu.

Mimi sisemi sheria ya mtandao isiwepo. Nani hajapata ile meseji ya "hela tuma kwa namba hii"? Kuna mama hapa sokoni kwetu alitapeliwa mtaji wote kwa simu, hajakaa sawa mpaka leo. Kuna mabinti wanaovujishiwa picha zao na wanaume waliowaamini. Hao wanaofanya hivyo wakamatwe, na hiyo milioni tano kwao mimi naiona ndogo. Ila tapeli anapanga, ana laini kumi, anajua anachokifanya, na huyu dogo wetu kaamka na hasira zake, kashika simu, kaongea, kaposti, watu wakampa like, akaona kawa mtu. Hawa wawili ukiwapima kwa ratili moja hujatenda haki hata kidogo.

Na kuna kitu kingine nimekigundua kinanisumbua kuliko vyote. Yule wa Rungwe alikiri. Mwezi huo huo wa Julai 2024 kule Entebbe Uganda kijana mwingine, naye miaka 24, alihukumiwa miaka sita jela kwa video za TikTok za kumtukana Rais Museveni, mke wake na mtoto wao Jenerali Muhoozi, naye alikiri na akaomba msamaha. Miaka sita, anaingia na 24 anatoka na 30! Mnaona? Wote wawili wamekiri. Kwa sababu ndivyo tulivyowalea, mtoto akikosea tunamwambia sema ukweli, omba radhi, yaishe. Akikiri anapewa maji ya kunywa, anaonywa, mzee anamshika bega. Sasa anafika mahakamani na malezi hayo hayo anasema ndiyo nimekosa, akidhani kafungua mlango wa huruma, kumbe karahisisha kazi, hakuna tena shahidi wala mabishano, kinachofuata ni hukumu tu. Inauma.

Wenzetu angalau mahakama zimejaribu. Kenya Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno mtu hajui kosa linaanzia wapi, ingawa 2018 walitunga sheria nyingine nayo kali. Uganda Mahakama ya Katiba Januari 2023 ilifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichokuwa kinakamatia watu kwa maneno ya kuudhi, ila marekebisho ya sheria hiyo ya 2022 yakabaki, na yule kijana wa Entebbe yamemkuta.

Naomba nieleze ya nyumbani kwangu maana ndo yamenifanya niandike. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 22, anaendesha bodaboda ya mtu. Kuna siku aliandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kwamba michango ya maji imeliwa na kiongozi mmoja wa mtaa, akamtaja, akaongeza na tusi. Hakuwa na ushahidi wowote, alisikia kijiweni akaamini. Yule kiongozi alikasirika, akasema naenda polisi, sheria ya mtandao ipo, milioni tano mtaitoa. Usiku ule mama hakulala, alikuwa anahesabu kama shamba la Igurusi likiuzwa litafika ngapi. Asubuhi baba mdogo akaenda na mdogo wangu kwa yule mzee, mimi nikafuata nyuma, tukakaa sebuleni kwake. Mdogo wangu aliomba radhi mpaka sauti ikakatika. Yule mzee alikaa kimya muda mrefu halafu akaingia ndani akatoka na daftari na risiti za mabomba, akamwambia dogo soma wewe mwenyewe kwa sauti. Akasoma zote. Kisha akaambiwa aandike kwenye grupu lile lile kwamba alisema uongo na hesabu kaziona, akaandika pale pale mbele yetu, mikono inatetemeka. Ikaisha hivyo. Yule mzee jina lake lilisafishwa kuliko ambavyo faini ingelisafisha, maana faini inakwenda serikalini, yeye aliyetukanwa angebaki na tusi lake.

Sasa kwa nini hakimu asiruhusiwe kufanya kitu kama hicho? Huyo mpwa wangu ananiambia tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, mtu wa kifungo cha miaka mitatu kushuka chini anaweza kutumikia adhabu yake nje, afagie hospitali, achimbe mtaro, apake rangi madarasa, na jioni anarudi kwao. Huyo mchoraji angepewa shule moja ya msingi pale Tukuyu apake rangi kuta zake miezi mitatu, na aombe radhi kwenye akaunti ile ile aliyotukania, nani angelalamika? Kosa la kwanza, hakuna aliyeumizwa, hakuna aliyeibiwa, mpe onyo, mpe kazi ya kijamii, akirudia tena ndo tuongee mengine.

Wazazi na sisi tukae na hawa watoto, tuwaambie simu siyo kijiwe, ukiongea kijiweni maneno yanabebwa na upepo ila ukiposti yanabaki yanakusubiri. Mimi nawaambia hapa gengeni kila siku mpaka wananiita mwalimu. Lakini maneno yangu hayawezi kumfikia kila kijana mwenye bando la mia tano.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni moja, gazeti lako liwaulize wabunge wetu, wa Mbeya na wa kwingine kote, tena kwa majina yao, nani yuko tayari kupeleka hoja ili hilo neno "isiyopungua" litoke kwenye makosa haya ya maneno, na majibu yao myachape tuyasome. Mimi nitalinunua gazeti siku hiyo nilibandike hapa kwenye nguzo ya genge vijana wote walione.

Ni mimi dada wa genge,
Uyole, Mbeya