Kikao kimesogezwa: Alhamisi saa 2:00 usiku

Walimu wenzangu, habari za jioni. Kikao cha mtandao wetu wa kujifunza hakitakuwa tena Jumatano. Ni Alhamisi saa 2:00 usiku, kwa simu ya kikundi hapa hapa, dakika 40 tu.

Kila mmoja aje na:
1. Mwalimu mmoja wa somo lake anayemfuatilia mtandaoni, asiwe wa shule yake.
2. Swali lililomkwamisha darasani. Liwe mahususi, jamani: "wanajumlisha 1/2 na 1/3 wanapata 2/5" linasaidika, "hisabati inawashinda" tutaishia kupeana pole.

Wasomaji wa kimyakimya (nami nilikuwa huko muda mrefu), safari hii tupieni hata mstari mmoja.

Tafadhali andika "Nipo" au "Sipo" kabla ya Jumatano saa 12 jioni. Asiyekuwepo atume swali lake kwa sauti. Asanteni.