Mizinga twapiga nayo foto, wapigaji je?

Kwako mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Juzi mlitoa picha kubwa ya ule mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani, hapo nje ya Fort Jesus, wageni wameukalia wanapiga selfi, na maelezo marefu ya Wajerumani na Waingereza. Sikatai, ni historia. Lakini nikajiuliza, kwani hapa Mombasa mizinga ni ya wazungu tu? Waswahili na wabara waliofundishwa kuipiga na wakapandia meli hapa hapa Kilindini, mbona hao hamuwaandiki?

Nasema kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, East African Artillery. Februari 1944 walipakiwa kwenye meli inaitwa Khedive Ismail, babu yangu alikuwa akiita tu "ile ya Ismaili", walikuwa wapelekwa Colombo, huko Sri Lanka ya leo, manake vita vya Burma vilikuwa vimepamba moto na Waingereza walitaka watu. Wao peke yao, maofisa na askari, walikuwa 996. Meli nzima ilibeba watu 1,511, wakiwemo manesi.

Babu alikuwa kuli bandarini enzi hizo. Alikuwa akisema watu wa mizinga ungewajua hata gizani, wanaongea kwa kelele, mtu akuomba maji kama yuko ng'ambo ya Likoni na wewe umesimama naye hapa, masikio yameziba kwa ile midundo. Akitueleza na yeye alikuwa anapiga kelele kuwaigiza, nyanya akija kuuliza kuna nini huko nje. Mmoja alimpa pesa amtafutie sigara, kurudi ngazi imeshatolewa. Hizo sigara hakuzivuta, alizigawa, na siku zote alikuwa akisema ni deni.

Tarehe 12 Februari, Jumamosi mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani I-27 ikawatia torpido mbili. Ilikuwa kwenye ukumbi wa meli kuna muziki, watu wamejaa humo wanasikiliza, wengine wengi wako chini kabisa, na hio meli haikumaliza hata dakika 3 juu ya maji. Sasa wewe fikiria ngazi za meli zilivyo nyembamba. Wakafa watu 1,297, wakapona wanaume 208 na wanawake 6. Na wallahi kinachoniuma zaidi ni kuwa nyambizi ilijificha chini ya wale waliokuwa wanaelea, na manowari za Waingereza wenyewe, Petard na Paladin, zikaanza kuitupia mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji, watu wakiwa bado majini. Waliizamisha mwishowe, ndio. Wengine watasema ilibidi, kuna meli zingine kwenye msafara za kulindwa. Labda. Mimi kila nikifika hapo nanyamaza.

Sasa majina yao mengi yameandikwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita huko Ngong Road. Yaani waliondokea Mombasa, kumbukumbu ikapanda bara, kama makontena ya reli ya SGR tu!

Nilienda afisi moja hapa mjini kuuliza kama twaweza kuwekewa hata kibao, nikaulizwa ni biashara gani nataka kufungua. Nikarudi zangu.

Basi mhariri ombi langu ni dogo. Pale Mama Ngina, watu wanapokaa na mihogo yao jioni kutazama meli zikitoka, pawekwe kibao chenye jina la meli, kikosi na tarehe, kwa Kiswahili tafadhali. Na nyinyi Februari ikija wekeni picha yao mahali pa ule mzinga, hata kama ni ukurasa wa ndani.

Mjukuu wa kuli,
Likoni, Mombasa